Kamba Wenye Macho

Nilikwenda kwenye ibada ya kumkumbuka Profesa Garside kwa sababu moja tu: nilitaka kuona kama watathubutu kusema. Wakathubutu. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa naye ni profesa mwenye upara unaong'aa na sauti ya kasisi, alisimama mbele ya kanisa lile la Edgbaston akatangaza kwamba kama si Garside, kamba weupe wa mapangoni wasingekuwepo duniani leo. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Bibi mmoja akatoa leso. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mkoba mapajani, viatu vikinibana, nikasikia kicheko kikinipanda kifuani kama kiungulia, nikakimeza. Nimeishi Birmingham zaidi ya nusu karne na nimejifunza kumeza mengi, chai yao ikiwemo. Lakini uongo ule ulinikwama. Baada ya ibada tukapewa mikate iliyokatwa pembetatu, na yule mwenye upara akanijia akauliza kama niliwahi kufanya kazi na marehemu. "Mwaka mmoja," nikamwambia. "Bila shaka ulikuwa mwaka mzuri sana kwako," akasema, akageukia mtu mwingine kabla sijafungua kinywa. Basi jibu lake naliandika hapa.

Ulikuwa mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda. Mambo ya kwetu Taita nayaacha, hayahusiki. Itoshe kusema nilikuwa na shahada ya elimu ya wanyama kutoka Nairobi, koti moja zito, na nafasi ya kusomea shahada ya pili chini ya mtu ambaye jina lake nilikuwa nimeliona kwenye vitabu. Siku ya kwanza nilipomwona nilitetemeka kwa heshima. Nilikuwa mjinga. Garside alikuwa mrefu, mwenye koti la sufu linalonuka tumbaku, na alikuwa na tabia ya kufumba macho anapozungumza, kama mtu anayesikiliza muziki mtamu, na muziki wenyewe ulikuwa sauti yake. Jina langu ni Mkawasi. Mwaka mzima aliniita Miss Macassy, na nilipomsahihisha mara ya pili alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyelijua jina langu. Akanishusha ngazi mpaka chumba cha chini, akafungua mlango, akawasha taa nyekundu, akasema kwa kunong'ona, "Hawa hapa. Kamba wangu."

Sitasema uongo, walikuwa viumbe wa ajabu. Si kamba wale wa baharini wanaopikwa kwa nazi. Hawa ni wa maji baridi, wenye magando mbele, warefu kama kidole changu cha kati, weupe kama wali. Hawakuwa na macho. Mahali pa macho palikuwa na vijinundu vidogo tu, kama vile Mungu alianza akakumbuka kwamba kule waendako hakuna cha kuona. Walitembea kwenye tangi la kioo polepole, wakipapasa kila jiwe kwa vipapasio vyao virefu, na ukisimama kimya ungeapa wanafikiri. Kwao ni chini ya shamba moja kusini mwa Amerika, ndani ya pango lenye mto usioona jua. Hukua taratibu mno. Jike hukaa miaka mingi kabla ya kubeba mayai, na akishabeba huenda asibebe tena kwa muda mrefu. Huishi miaka mingi kuliko mbwa, pengine kuliko punda. Garside alikuwa amesikia kwamba huenda karibu na pale pangefunguliwa machimbo ya mawe na maji yakaharibika, akashuka na nyavu, akachota kila aliyemwona, hasa majike wakubwa, akawaleta Uingereza ili kuwaokoa. Machimbo yale mpaka leo hayajafunguliwa. Hatari iliyowafikia kamba wale ilikuwa yeye.

Chumba kile cha chini kilipitiwa na mabomba ya maji moto ya kupashia jengo joto. Majira ya baridi yalipoanza na boila ikawashwa, maji ya matangi yakawa vuguvugu, na kamba waliozoea maji ya baridi ya pangoni wakaanza kulala ubavu. Nilimwambia Garside. Nikamwonyesha kipimajoto. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kitu kidogo: kumwomba mkuu wa jengo, mwanakemia mmoja, ahamishe bomba au atupe chumba kingine. Lakini Garside na yule mwanakemia walikuwa hawasemezani. Waligombana juu ya mahali pa kuegesha gari. Naam, gari. "Watazoea, Miss Macassy," akaniambia akiwa amefumba macho. "Maumbile yana hekima." Hawakuzoea. Kila aliyekufa alitiwa kwenye chupa ya spiriti na kubandikwa karatasi yenye jina la Kilatini, na jina hilo lilikuwa la Garside mwenyewe, maana alikuwa amewapa jina la ukoo wake. Nilikuja kuelewa kwamba kamba mfu alimfaa zaidi kuliko aliye hai. Mfu hali, hachafui maji, na hahitaji mtu ashushe kiburi akaombe bomba lihamishwe.

Nilipanga chumba Sparkbrook, nyuma ya Ladypool Road, kwa Mama Surjit, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa na kuolewa Kisumu. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na cha jikoni, hakina sarufi lakini kina nguvu, na kwangu kilikuwa na joto kuliko makaa aliyowasha. Jikoni kwake palikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki, redio isiyozimwa, na sufuria ya dengu iliyokaa motoni tangu asubuhi. Nilimweleza kazi yangu akaacha kusukuma chapati. "Kamba? Ya kufunga ng'ombe?" Nikamwambia ni mnyama. "Iko kula hiyo?" Nikamwambia haliwi. "Sasa beti," akasema, beti ikiwa ni binti kwa lugha yake, "kama haiko kula, kwa nini ametoa kwa nyumba yake?" Nikachukua chapati.

Mwezi ule ndugu zake kutoka Kampala walifika na mabegi yao, wakalala chumba cha mbele, watu wazima kwa watoto. Jumamosi moja walikuja mabibi wa kutoa misaada, wameleta makoti. Aliyewaongoza aliitwa Ledi Marchant, mwanamke mwenye meno makubwa na glavu za ngozi. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu, mlango uko wazi, nikasikia yote. Aliwavalisha makoti mmoja mmoja. Alimsifu shemeji yake Mama Surjit, mzee aliyekuwa na maduka ya vitambaa na dereva kule Kampala, kwamba ana adabu. Akamwambia mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba ni muhimu watu hawa wasiachwe kukaa wengi mtaa mmoja, la sivyo mtaa huharibika. Chai ilikuwa imemiminwa tayari, ya maziwa na iliki, katika vikombe vizuri vya kabatini. Hawakuigusa. Walipoondoka yule mzee alibaki amekaa na koti lililomzidi mabega, akitazama ukuta. Mama Surjit akavirudisha vikombe jikoni. "Wametuangalia, wamekwenda," akasema. "Chai hata moja hapana kunywa." Akaimwaga kwenye sinki, na ilikuwa mara pekee niliyomwona akimwaga chai.

Ledi Marchant huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Marafiki wa Kamba, chama alichokianzisha Garside ili kupata wa kumpigia makofi. Nilimtambua mara moja nilipomwona chuoni. Yeye hakunitambua, maana pale Sparkbrook hakuwa amemwona mtu aliye jikoni. Chama kilikuwa na mpango. Kwa kuwa kamba walikuwa "wanastawi vyema mikononi mwa Profesa," Garside angerudi Amerika kuwachukua waliobaki, wote, kabla hawajaangamia. Hivyo ndivyo alivyosema. Mimi nilikuwa namtazama usoni nikitafuta hata chembe ya haya. Wakati huo alikuwa amebaki kamba mmoja tu aliye hai, jike mzee mwenye gando moja, ambaye nilikuwa nimemhamishia kwenye karai nikamweka stoo ya nyuma yenye ukuta wa baridi, nikimbadilishia maji kila nilipopata nafasi. Lakini safari ilihitaji ridhaa ya mwenye shamba, mzee aliyeitwa Bwana Pruitt, kwa hiyo wakamwalika Birmingham aje aenziwe kwa tafrija ya mchana.

Wiki ya tafrija niliingia chumba cha chini nikakuta matangi yamejaa. Kamba wanatembea, wanapigana, wananing'inia kwenye mawe. Kwa kitambo kidogo moyo wangu uliruka. Kisha nikainama. Walikuwa kamba wa kawaida wa vijito vya huku, waliojivua magamba karibuni, maana wakijivua huwa laini na rangi yao hufifia. Garside alitokea nyuma yangu, viatu vyake vya mpira bado vina tope.

"Profesa, hawa ni wa kijitoni."

"Chini ya taa nyekundu hakuna atakayejua."

"Wana macho."

Akafumba yake. "Miss Macassy, watu huona wanachoambiwa waone." Kisha akanipa habari njema. Mimi ndiye nitakayesimama kando ya matangi na kusema maneno machache kwa niaba ya wanafunzi, nikiwa nimevaa vazi la kwetu. Na asingependa nisahau kwamba mwezi unaofuata anaandika kupendekeza nani aendelee na masomo ya udaktari.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama Surjit. La udaktari lilimfanya apunguze sauti ya redio, kwa sababu alijua nilivyokuwa nikiota mchana juu yake. La vazi lilimchekesha mpaka akashika meza. Vazi la kwetu! Mama yangu alivaa gauni la pamba na sweta. "Chukua shali ya harusi ya beti yangu Surjit," akasema, "nyekundu, iko na dhahabu. Hawa hapana jua tofauti." Akaenda kuitoa sandukuni. Akaniwekea shali mabegani, akarudi nyuma kunitazama, na kicheko kikamwisha. "Na maneno? Utasema yake ama yako?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli.

Ile tafrija naikumbuka kwa harufu: divai tamu, manukato, na unyevu wa chini ya ardhi. Waliteremka ngazi wakicheka kidogo kidogo kama watoto wanaoingia pangoni. Ledi Marchant akaishika ncha ya shali ya Kipunjabi kwa vidole viwili na kuwaambia wenzake tazameni, Afrika halisi. Bwana Pruitt alishuka wa mwisho. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti iliyombana kwapani na kofia mikononi, na ilionekana wazi kwamba hakuna mtu aliyejua la kuzungumza naye. Wakampa glasi akaishika bila kuinywa. Garside alitoa hotuba ndefu juu ya wajibu wa wastaarabu kwa viumbe dhaifu. Wakapiga makofi. Kisha akanipungia mkono.

Nilikuwa nimekariri sentensi alizonipa. Nikageuka kidogo upande wa tangi, na kamba mmoja alikuwa amesimama karibu na kioo akinitazama. Jicho lake jeusi, lililokaa juu ya kijiti, liligeuka kunifuata. Miezi yote ile nilikuwa nimewaokota wenzake wa pangoni wakiwa wamelala ubavu, na huyu, aliyetiwa humo awe uongo, alikuwa ananitazama. Nikasema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno peke yake: "Mabibi na mabwana, kamba wa pangoni hana macho. Hawa wana macho. Hawa wametoka kwenye kijito cha hapa karibu. Wale wa pangoni wamekufa, isipokuwa mmoja."

Nilitarajia ngurumo. Nilitarajia angalau glasi ianguke. Badala yake Ledi Marchant akasema, "Anaongea vizuri kweli," na wakapiga makofi. Nakuapia, wakapiga makofi! Bwana mmoja akamwambia mkewe kwamba ni mfano wa masimulizi ya kwao. Garside akaniwekea mkono begani, mzito, akacheka, akasema Waafrika wana ucheshi wa pekee, na sasa jamani kuna keki juu. Wakaanza kupanda ngazi kuifuata keki. Nimedharauliwa mara nyingi mjini hapa, kwenye mabasi, kwenye milango ya nyumba za kupanga, na mara nyingi nilirudi kitandani nikalia. Siku ile sikulia. Siku ile dharau iligeuza njia, ikawa inatoka kwangu kwenda kwao, na haijarudi tena.

Bwana Pruitt hakupanda. Aliweka glasi sakafuni, akapiga magoti kwa shida mbele ya tangi, akapitisha kidole mbele ya kioo. Kamba akakifuata kidole kwa macho, akarudi nyuma, magando juu. Mzee akauliza bila kugeuka, "Wangu wako wapi?"

Nikampeleka stoo ya nyuma. Nikamwonyesha chupa, rafu baada ya rafu, kamba weupe ndani ya spiriti. Hakusoma karatasi hata moja. Alisema mama yake alikuwa akiteremsha taa kisimani ili watoto wawaone wakipita, na aliwakataza kupiga kelele, kwa sababu wale chini walikuwa na utulivu wao. Alikuwa amemruhusu Garside kwa sababu Garside alimwambia atachukua wachache na kwamba bila hivyo watakwisha. "Nilimshikia kamba aliposhuka," akasema, akimaanisha ile ya kufungia.

"Yupo mmoja," nikamwambia.

Nikazima taa, maana mwanga ulimsumbua yule jike hata bila macho, nikashika mkono wa mzee nikautia kwenye karai. Tukangoja gizani. Nikasikia akivuta pumzi ghafla, nikajua amepapaswa.

"Nikimrudisha atafika?" akauliza.

Nilitamani kusema ndiyo. "Hata akifika, usimrudishe. Ameishi ukuta kwa ukuta na kamba wa huku, ndoo za maji na nyavu ni zile zile. Akiwa amebeba ugonjwa wao atawamaliza waliobaki."

"Basi hata huyu si wangu tena," akasema, akafuta mkono kwenye suti yake mpya. Hakupita kwenye keki. Alitoka kwa mlango wa kupitishia makaa ya mawe, kofia kichwani, na siku zilizofuata zikaja habari kwamba ameziba mdomo wa pango kwa mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe, na kwamba Garside akionekana shambani kwake atakutana na mbwa.

Garside aliniita ofisini. Hakupandisha sauti, watu wa aina yake hawapandishi. Akaniambia sitaendelea, si udaktari wala hiyo shahada niliyoianza, na kwamba la kusikitisha ni kuwa nimejiharibia bure. "Hakuna aliyekuelewa, Miss Macassy."

"Mmoja alielewa."

"Mkulima," akasema, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Nilinyang'anywa ufunguo wa chumba cha chini siku hiyo hiyo. Niliomba niachiwe yule jike, nikakataliwa. Dorothy, mpiga chapa wa idara, aliniambia baadaye kwamba kamba huyo alirudishwa kwenye tangi la kioo chini ya mabomba ili wageni wamwone, na hakumaliza majira ya baridi. Nilipata kazi maabara ya kupima maji, upande wa Washwood Heath, nikaifanya mpaka nilipostaafu. Nilipima maji ya mifereji, ya vijito, ya visima vya viwanda. Sikuitwa daktari na nilikasirika kwa hilo miaka mingi. Nikisema sikukasirika nitakuwa nimejiunga na akina Garside. Yeye aliendelea kupanda. Aliandika makala akieleza kwamba, baada ya utafiti wa kina, njia bora ya kuwahifadhi kamba wa pangoni ni kufunga pango na kuwaacha. Wakampa nishani. Hivyo ndivyo mlango wa chuma aliofungiwa yeye ulivyogeuka kuwa mlango alioufunga yeye, na hivyo ndivyo alivyosifiwa juzi kanisani mbele ya maua.

Mwaka niliostaafu nilisafiri kwenda Amerika. Bwana Pruitt alikuwa mzee sana, anatembea na fimbo, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani. Alinikumbuka kwa shali. Mkewe alitupa mkate wa mahindi na maharagwe, akanisimulia kwamba mvua kubwa zikinyesha, mara moja moja kamba mweupe husukumwa nje na maji mpaka chemchemi ya chini ya nyumba, naye humchota kwa bakuli akamrudisha upesi kupitia tundu la mlangoni. Wadogo pia, akasema. Wadogo kama ukucha. Niliweka kijiko chini.

Jioni mzee akanipeleka mpaka pangoni. Mlango ulikuwa mnene, una kutu nje, nondo zimepishana kuacha nafasi ya popo. Hewa ya baridi ilitoka ndani ikanigusa miguu, na nyuma yake maji yalikuwa yanasikika yakienda. Ufunguo alikuwa nao mfukoni.

"Nifungulie niwaone," nikamwambia. "Mara moja tu. Niliwatunza mwaka mzima na sijawahi kuwaona kwao."

Alinitazama kwa huruma, nadhani hata kwa mapenzi.

"Hapana, bibi," akasema.

Sijawahi kukataliwa na mtu nikafurahi kama siku ile.